Jicho Lisilouma Nalo ni la Kuogopa

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa Kasongo na wajumbe wa Kabambare. Tumeyatia hapa kwa ajili ya wale ambao hawakufika, na kwa wafadhili wetu walioko mbali.

 

Katika mkutano uliopita kijana mmoja alitusikilizisha sauti kwenye telefone yake. Sauti ilisema: Ulaya wamevumbua matone yanayootesha mishipa ya macho, na kipofu anaona tena. Munakumbuka jinsi nyumba ilivyochemka. Mama mmoja alisema tufungue sanduku la chama, tuagize. Baba mmoja, ambaye jicho lake la kuume linaharibika tangu mwaka jana, alisema yuko tayari kuuza parseli yake. Kisha mukanigeukia mimi: "Wewe ulisoma, utuambie, ni kweli ao ni bongo?"

Siku ile sikujibu. Mimi si munganga. Nilisoma maendeleo ya vijiji, na kazi yangu munaijua: kuandika watu waliorudi, kugawa mbegu na vyombo, kusindikiza wagonjwa kwenye vituo vya afya. Lakini nilikwenda kuuliza waganga, nikasoma usiku, na katikati ya hapo wafadhili wetu wawili wakaandika wakiuliza swali lilelile: je, wawatumie dawa hiyo? Basi leo ninaleta jibu. Kwa ufupi ni hivi: dawa iko, ni ya kweli, lakini sauti ile ilisema nusu tu ya ukweli, na pesa yetu kuna mahali pengine pa kuiweka ambapo itaokoa macho mengi zaidi. Sasa nieleze, ili musiamini kwa sababu ni mimi nimesema.

Kioo na kantonye wake

Mbele ya jicho iko ngozi nyembamba, safi kama kioo. Waganga wanaiita konea. Ndiyo mlango wa mwanga. Kioo hiki hakina hata mshipa mmoja wa damu, kwa maana damu ingekizuia kuona. Lakini kina mishipa ya fahamu mingi ajabu, kupita ngozi ya mkono mara mia kadhaa. Ndiyo maana punje moja ya mchanga ndani ya jicho inakuangusha chini, lakini punje ileile juu ya mkono huisikii.

Wazee wanakumbuka kantonye wa barabara. Kila mmoja alikuwa na kipande chake, na jembe lake. Alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza: akiona mti umeanguka ao daraja linavunjika, anapiga kelele, watu wanajua. Ya pili: bila kungoja mtu, kila asubuhi anajaza vishimo vidogo. Vita vilipokuja, kantonye alikimbia sawa na sisi. Je, barabara iliharibika siku ileile? Hapana. Ilikaa vizuri mvua moja, mvua mbili. Kisha kishimo kikawa shimo, shimo likawa korongo, na hakuna aliyepiga kelele.

Mishipa ya fahamu ya konea ni kantonye huyo. Kazi ya kwanza ni kupiga kelele: vumbi likiingia, jicho linauma, linatoa machozi, kope inafunga yenyewe. Kazi ya pili watu wengi hawaijui, hata mimi sikuijua: mishipa ile inalisha kioo. Inatoa vitu vidogo vinavyofanya ngozi ya jicho ijirudishe kila siku, kwa maana ngozi ile inachakaa na kuzaliwa upya daima. Mishipa ikifa, jicho linapoteza vyote viwili. Halisikii tena, na halijitengenezi tena. Kidonda kidogo kinatokea katikati, kinakaa, kinachimba, na mwenyewe anatembea sokoni hana habari. Mwisho kioo kinatoboka, ao kinapona na kovu jeupe, na mwanga haupiti tena.

Ugonjwa huo ndio ile dawa ya Ulaya ilitengenezwa kwa ajili yake. Si kila upofu. Huo tu.

Kosa langu mwenyewe

Kabla sijaendelea, kuna jambo ninapaswa kulisema mbele yenu, juu ya kulificha kungefanya maneno yote haya kuwa ya kitabu tu.

Miaka michache iliyopita tulikuwa tunaandika familia zilizorudi upande wa Kabambare. Mama mmoja alisimama kwenye mstari, jicho moja jekundu, linang'aa vibaya. Nilimuuliza: "Mama, jicho linakuuma?" Akacheka: "Hapana, mwanangu. Mwanzo iliniuma sana, sasa haiumi tena, iko inapona." Nikaandika kwenye karatasi: hakuna maumivu, si haraka. Nikampa jina la kituo cha afya, nikaita mwingine.

Nilirudi baada ya wiki tatu. Jicho lilikuwa jeupe kama ute wa yai lililopikwa. Mama hakunilaumu. Alisema ni Mungu. Lakini mimi niliandika neno lile kwa mkono wangu. Nilifikiri maumivu yakikwisha, ugonjwa umekwisha. Kwa mguu inaweza kuwa hivyo. Kwa jicho, maumivu yakikwisha huku wekundu umebaki, kantonye anaweza kuwa amekimbia.

Leo hata mukisahau mengine yote, mushike hili moja: jicho jekundu ao lenye kidonda, ambalo haliumi, linaweza kuwa la haraka sawa na linalouma.

Kantonye anakimbia juu ya nini?

Hapa kwetu mishipa ya jicho inakufa kwa njia hizi.

Njia ya kwanza ni zona, ule upele wa malengelenge unaofuata mshipa, ambao wengine wanauita mkanda wa jeshi. Ukitokea kwenye paji la uso, upande mmoja, angalieni ncha ya pua. Malengelenge yakifika kwenye ncha ya pua, jicho la upande ule liko hatarini, kwa maana ni mshipa mmoja unaolisha pua na jicho. Dawa yake, asiklovir, inasaidia sana ikianza mapema, katika siku tatu za kwanza. Na kijana akipata zona, inafaa apimwe damu pia, juu ya virusi vya SIDA vinapunguza askari wa mwili. Siyo aibu, ni kujua.

Njia ya pili ni ndugu yake, herpes ya jicho, ambayo inarudirudi kwa mtu yuleyule, na kila mara inakula mishipa kidogo.

Njia ya tatu ni ukoma. Watu wanafikiri ukoma umekwisha. Haukwisha: Kongo yetu bado ni kati ya nchi zinazoandika wagonjwa wengi. Ukoma unapiga jicho mara mbili. Unaua mshipa wa kusikia, na unalegeza mshipa wa kufunga kope. Basi mtu analala jicho wazi, vumbi linaingia, na hasikii kitu.

Njia ya nne ni sukari ya damu, ambayo inaua mishipa ya miguu na ya macho vilevile, polepole.

Njia ya tano ni matone ya kufisha ganzi, yale ambayo munganga anatumia dakika chache tu wakati anatoa jiwe ndani ya jicho. Hapa ninasema na vijana wetu wanaochimba dhahabu. Jiwe linaruka, jicho linawaka, mtu anatafuta kichupa cha ganzi ili arudi shimoni. Tone moja anasikia raha. Kichupa kizima, anaua mishipa kwa mkono wake na anazuia kidonda kisifunge. Kichupa hicho hakipaswi kutoka kwenye mikono ya munganga, hata kwa siku moja.

Mwanamke wa Torino

Sasa nije kwenye dawa. Habari yake inaanza na mtu ambaye, mukimsikia, mutasema ni mmoja wetu.

Aliitwa Rita Levi-Montalcini. Alizaliwa Torino, Italia, mwaka 1909, akasoma uganga. Alikuwa Myahudi. Mwaka 1938 serikali ya Mussolini ilitoa sheria za kubagua Wayahudi, akafukuzwa chuo kikuu. Alikwenda kufanya kazi Ubelgiji kwa muda, akarudi nyumbani kabla Wajerumani hawajaivamia Ubelgiji. Kazi hakuna, chuo kimefungwa kwake. Basi akafanya maabara ndani ya chumba chake cha kulala. Vyombo vyake vilikuwa darubini, sindano za kushona alizozinoa, na mayai ya kuku. Alikuwa akitazama jinsi mishipa ya kifaranga inavyoota ndani ya yai. Mabomu yalipoanza kuanguka juu ya Torino, familia ilikimbilia kijijini, naye akabeba darubini yake.

Mwaka 1943 jeshi la Ujerumani lilipoikalia Italia, walikimbia tena, wakajificha Firenze kwa majina ya uongo mpaka mji ulipokombolewa mwaka 1944. Kisha majeshi ya washirika yakamweka kuwa munganga katika kambi ya wakimbizi wa vita, mahali ambapo watu walikufa kwa magonjwa ya kuambukiza kila siku. Sisi ambao tulikaa kambini, tunajua alichokiona.

Vita vilipokwisha alirudi Torino, na mwaka 1947 aliitwa Marekani, mji wa St. Louis. Kule, mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliona jambo la ajabu: kipande cha uvimbe wa panya kikiwekwa kwenye kifaranga, mishipa ya kifaranga inaota kwa kukimbilia kile kipande, kama watoto wanavyokimbilia mgeni. Alisema kuna kitu kinachotoka mle na kuita mishipa. Mwenzake, Stanley Cohen, alikitafuta kitu hicho, akakikuta pia kwenye sumu ya nyoka na kwenye tezi za mate za panya dume. Ilikuwa protini. Wakaiita protini ya kukuza mishipa ya fahamu. Mwaka 1986 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel. Mama Rita alikufa mwaka 2012, akiwa na miaka 103.

Sikuwasimulia haya ili tulie. Nimesimulia kwa sababu moja: yule ambaye walimfukuza darasani, aliendelea kutazama yai moja baada ya lingine. Hakungoja maabara nzuri ifike kwanza. Nitarudia neno hili mwishoni.

Dawa yenyewe, na hesabu yake

Protini ile mwili wetu unaitengeneza wenyewe, na kioo cha jicho kinaihitaji. Mwaka 1998 waganga wa Italia waliandika kwamba walitia matone ya protini ya panya kwenye macho 14 ya wagonjwa 12, macho yenye vidonda vilivyokataa kupona. Vidonda vyote vilifunga, vingine katika siku 10, vingine kufikia wiki 6. Baadaye kiwanda cha Italia kikajifunza kuitengeneza protini ya mtu ndani ya bakteria, bila panya. Dawa ikaitwa senegermini, na kwenye soko jina lake ni Oxervate. Ulaya waliikubali mwaka 2017, Marekani mwaka 2018. Katika majaribio makubwa, macho karibu 7 kati ya 10 yalifunga vidonda katika wiki 8.

Kwa hiyo sauti ya telefone haikutunga. Lakini haya hapa ndiyo iliyoyaacha.

Kwanza, dawa hii inafunga kidonda cha konea iliyopoteza mishipa. Haitoi mtoto wa jicho. Haiondoi kovu la zamani la surua. Haifufui jicho lililoharibiwa na upofu wa mto. Yule mama wangu wa Kabambare, leo, haingemsaidia. Ingemsaidia wiki tatu kabla.

Pili, matumizi yake. Tone moja kila saa mbili, mara sita kwa siku, kwa wiki nane. Fanyeni hesabu: siku 56, mara 6, ni matone 336 kwenye jicho moja. Kichupa kimoja ni cha siku moja. Kikifunguliwa kina saa 12 tu. Dawa inakaa kwenye baridi kali katika farmasi, na nyumbani inakaa ndani ya frigo, siku zisizozidi 14. Na wakati wa kutibiwa, taabu inayotajwa zaidi ni maumivu ya jicho lenyewe. Ni nani kati yetu yuko na frigo inayowaka usiku na mchana? Frigo za vituo vya afya, zile za jua na za mafuta ya taa, ni za chanjo za watoto. Tukizifungua mara sita kwa siku kwa ajili ya jicho la mtu mzima, tunaharibu chanjo ya kijiji kizima.

Tatu, bei. Kule Marekani matibabu ya jicho moja kwa wiki nane yanafika makumi ya maelfu ya dola. Sanduku letu, likijaa mpaka juu, na parseli ya baba ikiuzwa, na parseli ya jirani yake pia, hatufiki hata kwenye kichupa cha wiki ya kwanza pamoja na safari yake. Na mtu akikuuzia sokoni kichupa cha "dawa ya kuotesha mishipa" kwa dola kumi, mujue ni mwizi.

Wafadhili wetu, ninawaambia kwa heshima: musitutumie dawa hiyo. Ingefika Kasongo imekwisha kufa njiani.

Kazi iliyo mikononi mwetu

Sasa musikate tamaa. Dawa iko mbali, lakini ujuzi uliozaa dawa hauna bei na hauhitaji frigo. Ukishajua kwamba kioo kinalishwa na mishipa, unajua pia namna ya kulinda jicho ambalo mishipa yake imekufa. Niliwauliza waganga: kabla ya matone haya mulikuwa munafanya nini? Wakanijibu, na majibu yao yanawezekana hapa.

La kwanza ni uzi wa pamba. Muuguzi anasokota pamba safi mpaka inakuwa kama uzi, anamwambia mgonjwa atazame pembeni, anagusa kioo kidogo sana, jicho zima kwanza, kisha la ugonjwa. Jicho zima linaruka. Lililokufa linabaki kutazama. Ni kazi ya sekunde chache, na inafanywa kabla ya kutia tone lolote la ganzi. Lakini ni kazi ya muuguzi aliyefundishwa, wamama musijaribu nyumbani. Ninyi kazi yenu ni kuleta mtu.

La pili ni kulifunika jicho. Jicho ambalo halina kantonye, tulifungie barabara. Usiku kope inafungwa kwa sparadra, na pomadi ya antibiotiki inatiwa kama muuguzi alivyoagiza. Ikiwa kidonda kinakataa, munganga anashona kope mbili pamoja upande wa nje, kwa nyuzi chache. Watu wanaogopa wakisikia kushona. Lakini ni kazi ya zamani, inafanywa kwa sindano ya ganzi tu, haihitaji mashine, na inaweza kufunguliwa baadaye. Kope inakuwa bendeji ya kioo. Jicho linaonekana dogo, lakini linabaki ndani ya kichwa.

La tatu ni maji ya damu ya mgonjwa mwenyewe. Damu ikitulia na kuzungushwa kwenye mashine, juu yanabaki maji ya rangi ya mawese mepesi. Ndani yake mna protini za kukuza, pamoja na ileile ya mama Rita. Hopitali zilizo na maabara safi zinayafanya kuwa matone. Ninasema hili kwa waganga na wafadhili wanaotusoma; ni njia ya hopitali tu. Mtu asitoe damu nyumbani akaitia kwenye jicho.

La nne ni kuacha vile tunavyotia. Maziwa ya majani, mkojo, maji ya chumvi kali, unga wa kidonge, pomadi ya ngozi, matone ya jirani. Bibi zetu walitupenda, lakini hawakuona ndani ya kioo. Maji safi mengi ya kuosha, kisha kituo cha afya: basi.

La tano ni ukoma kuonwa mapema. Doa lisilosikia sindano, kope isiyofunga, vidole vinavyokufa ganzi: mlete mtu. Dawa za ukoma ni za bure dunia nzima tangu 1995, ni miezi 6 ao 12, na anayezimeza haambukizi wengine. Anayemficha ndugu yake nyumbani juu ya aibu anamfungia macho.

La sita ni watoto. Konea za watoto wetu haziharibiwi sana na mishipa. Zinaharibiwa na surua na kukosa vitamini A. Mwaka 2019 nchi yetu iliandika wagonjwa wa surua zaidi ya 300,000, na watu zaidi ya 6,000 walikufa. Wangapi waliopona wakabaki na kovu machoni, hakuna aliyewaandika. Na sisi watu wa Kasongo tusisahau: wazee hapa wanakumbuka waganga waliofanya kazi na chuo cha Antwerpen, wakapanga vituo vya afya kuzunguka hopitali. Mwaka 1981 waliandika juu ya chanjo ya surua na uhai wa watoto wa Kasongo, na waganga wa dunia wakasoma jina la mji wetu. Walijifunza kwa watoto wetu. Itakuwa haya sisi wenyewe tukikosa kuwapeleka. Chanjo, kidonge cha vitamini A kila miezi sita tangu mtoto ana miezi sita mpaka miaka mitano, na chakula tulicho nacho: sombe, na mawese mekundu. Wamama, musiyachemshe mawese mpaka yawe meupe. Rangi ile nyekundu ndiyo yenyewe vitamini. Ikikimbia, dawa imekimbia.

Na kwa wale wa kando ya mito ya maji ya mbio: Mectizan ikipita kijijini, muimeze kila mwaka. Ile ni vita nyingine, na dawa yake inatolewa bure tangu 1987.

Sanduku, na baba yetu

Nimalize na jambo ambalo limetuleta hapa.

Baba yule wa parseli yumo ndani ya nyumba hii, na amenipa ruhusa niseme. Alipata zona ya paji la uso akiwa bado ukimbizini. Ilipona, akashukuru. Jicho likabaki jekundu, haliumi, naye akashukuru tena. Mwezi uliopita nilimsindikiza kwa munganga. Uzi wa pamba ulipogusa jicho la kushoto, baba aliruka karibu aanguke kwenye kiti. Ulipogusa la kuume, alituuliza: "Munaanza saa ngapi?" Sisi tulikuwa tumekwisha maliza.

Munganga alisema kidonda kiko, hakijatoboa, na kope ishonwe upesi. Baba alikataa. Alisema: "Nilirudi na nguo moja na heshima yangu. Sasa mutanishona jicho, watoto wa kijiji waniite chongo? Ningoje matone ya Ulaya." Sikuwa na nguvu ya kumlazimisha, na wala si kazi yangu.

Jana jioni alikuja nyumbani. Alikaa kimya kitambo. Kisha akasema hivi, na ninayarudisha kama alivyoyasema: "Ile matone haitafika, nimeelewa. Parseli nitaachia watoto. Lakini sitaenda peke yangu." Anaomba vitu viwili kwa chama: pesa ya pikipiki ya kwenda na kurudi, na mtu mmoja wa kukaa naye siku za hopitali, amtie pomadi na amfunge sparadra, maana mama wa nyumbani kwake alikufa ukimbizini.

Basi mapendekezo yangu kwa mkutano ni haya matatu. Moja, sanduku limtoe baba wiki hii, si mwezi ujao, kwa maana kidonda hakingoji mchango. Mbili, kila kijiji cha wanachama, Kasongo na Kabambare, kichague mtu mmoja ambaye tutamfundisha kuuliza maswali mawili tu: jicho ni jekundu? linauma? Jekundu na haliumi, aite siku ileile. Jekundu na linauma, apelekwe pia siku ileile. Tatu, tuwaandikie wafadhili kwamba badala ya matone, tunaomba pomadi, sparadra, pesa ya usafiri, na mafunzo ya kushona kope kwa waganga wa hopitali zetu za zone. Pesa ya jicho moja la Marekani ingebeba kazi hiyo yote miaka mingi.

Mama Rita alikuwa na mayai na sindano za kushona. Sisi tuko na uzi wa pamba, na watu ambao wanajuana kwa majina kutoka Lualaba mpaka milima ya Kabambare. Hatujafika kwenye dawa yake, lakini tunaweza kuanza pale alipoanzia: kutazama kwa makini kile ambacho wengine wanapita.

Mimi nilipita siku moja, nikaandika "si haraka". Ninaomba sanduku la leo liandike kinyume chake.

 Prezida, mkutano ni wako, tupige kura.